Nani Ametangaza Kiwango Hiki?

Mama mmoja muuza ndakala hapa Baraka alikopa dola 200 kwa jirani yake mwenye duka. Siku hiyo dola moja ilikuwa faranga 2,800. Hawakuandika kitu, maana ni majirani. Mwishoni mwa 2025 faranga ya Kongo ikapanda thamani na dola ikashuka chini ya 2,500 sokoni. Mama akabadilisha faranga zake, akaenda na dola 200 mkononi pamoja na riba waliyokubaliana. Mwenye duka akazikataa. "Mimi nilikupa faranga 560,000," akasema, "na hizo ndizo nazitaka." Jirani huyohuyo, miaka miwili nyuma, wakati faranga ilipokuwa ikiporomoka, aliwadai watu dola kwa dola, hata wale aliowahesabia faranga mkononi.

Nilikuwa mmoja wa walioitwa kuwaamua. Hatukuamua kitu. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, tulikuwa na maneno ya watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa na duka. Mama alilipa, kwa sababu msimu ujao atahitaji kukopa tena palepale. Kwa bei ya 2,400 ya wiki ile, alilipa faranga 80,000 zaidi ya deni na riba yake. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Angalieni vizuri alichofanya mwenye duka. Hakupandisha riba. Alichagua kiwango, na kila mara akachagua kile kinachomnufaisha yeye. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, ndugu zangu wa Fizi: katika kila deni, kuna mtu anayetangaza kiwango, na mara nyingi ndiye huyohuyo anayekula faida yake.

Msidhani ni ujanja wa vijijini. London, kwa miaka mingi, banki kubwa zilikuwa zinaulizwa kila asubuhi: leo mngeweza kukopeshana kwa riba gani? Majibu yalikusanywa, yale ya juu kabisa na ya chini kabisa yakaondolewa, wastani wa yaliyobaki ukaitwa LIBOR. Juu ya namba hiyo zilisimama mikopo na mikataba ya matrilioni ya dola duniani kote, pamoja na nyumba za watu wa kawaida. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha kwamba kweli amekopa kwa riba aliyoitaja. Basi wafanyabiashara wa ndani ya banki wakawa wanawaomba wenzao waipandishe kidogo leo, waishushe kidogo kesho. Tarehe 27 Juni 2012 Barclays ilitozwa faini ya jumla ya pauni milioni 290 na mamlaka za Uingereza na Marekani, na siku chache baadaye mkuu wake, Bob Diamond, akajiuzulu. Desemba ya mwaka huo UBS ya Uswisi ikakubali kulipa karibu dola bilioni 1.5.

Watu wa huko walikasirika kama tunavyokasirika sisi. Waliuliza: faini imelipwa na banki, lakini mtu yuko wapi? Tom Hayes, mmoja wa wafanyabiashara hao, alihukumiwa miaka 14 mwaka 2015, ikapunguzwa kuwa 11, na Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaifuta hukumu yake kabisa, kwa sababu jaji wa mwanzo hakuliongoza ipasavyo baraza la wazee wa mahakama lililomtia hatiani. Wakubwa waliokuwa juu yake hawakuonja gereza. Lakini jambo moja lilifanyika ambalo linatuhusu. LIBOR yenyewe iliondolewa, ile ya dola ikakoma katikati ya 2023, na viwango vilivyochukua nafasi yake vikawekwa juu ya mikopo iliyofanyika kweli, iliyoandikwa, inayoweza kukaguliwa. Waliacha kumuuliza mla faida kiwango ni kipi.

Kwetu Kongo hasira juu ya pesa ni ya zamani. Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa 1979, Mobutu alipozifuta noti za zaire 5 na 10, na waliokuwa wameficha akiba zao ndani ya nyumba wakabaki na makaratasi. Mwaka 2016 banki ya BIAC iliishiwa, na wateja wakapanga foleni kudai pesa zao wenyewe, wakapewa kidogokidogo. Novemba 2021, uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up ulionyesha, kutoka nyaraka za banki ya BGFI, jinsi mali ya umma isiyopungua dola milioni 138 ilivyopitishwa kwenda kwa watu wa karibu wa rais aliyepita. Na Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa Afriland First Bank mjini Kinshasa na wakatoa siri za wateja wakubwa, walihukumiwa kifo wakiwa hawapo mahakamani. Habari hiyo ilijulikana Februari 2021. Aliyesema ndiye aliyehukumiwa. Mtu akiniambia Wakongo wanapenda kulalamika, namkumbusha hukumu hiyo.

Kwa hiyo sitawaambia mmeze hasira. Nataka tuielekeze pale ambapo mkono wetu unafika. Wengi wetu kutoka Mboko mpaka Kazimia, na kule juu Fizi-centre na Lulimba, hatuna akaunti ya banki. Tuna likirimba, tuna vikundi vya akiba na mikopo vya MUSO na AVEC, tuna wakala wa pesa za simu, na tukikwama tuna Banki Lambert. Kwa msiojua jina hilo: si banki. Ni mtu mwenye pesa anayekukopesha kwa mwezi, jina tukalichukua kwenye banki ya Wabelgiji. Huko ndiko viwango vinavyotuumiza vinakotangazwa, na huko mtangazaji tunamjua kwa sura.

Nianze na Lambert, kwa sababu ndiye anayemaliza walimu wetu. Mwalimu amechelewa kulipwa, mtoto ana malaria, anachukua faranga 300,000 kwa riba ya 30 kwa mia. Anasikia "30" na anaona ni ndogo. Lakini ni kwa mwezi. Kila mwezi anatoa 90,000 ili tu deni lisikue, na baada ya miezi minne ametoa 360,000, zaidi ya alichokopa, na bado anadaiwa 300,000 zote. Mfano wa kulinganisha: Banki Kuu ya Kongo ilipokuwa imekaza sana, toka Agosti 2023 mpaka Oktoba 2025, riba yake ya msingi ilikuwa 25 kwa mia, na watu wa biashara Kinshasa walilia. Hiyo ilikuwa 25 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujapokea noti hata moja: riba hii ni ya mwezi au ya mwaka? Na la pili: nikileta nusu ya deni mwezi ujao, riba itapungua nusu? Lambert wengi hawakubali sehemu ya deni, wanataka riba peke yake au deni lote kwa mara moja. Akikujibu hivyo, umeshajua kwamba hataki umalize.

Na kadi yako ya banki, au simu yenye laini ya mshahara, usimwachie rehani pamoja na namba ya siri. Nimeona walimu wanaoenda kuomba kwa Lambert sehemu ya mshahara wao wenyewe kila mwezi. Hakuna riba iliyoandikwa popote inayofikia hasara hiyo.

Kwenye koperative na taasisi za mikopo midogo ujanja ni wa namba. Tuseme unaomba faranga 600,000 kwa miezi sita, riba 5 kwa mia kwa mwezi, na kila mwezi unarudisha 100,000 ya deni. Kama riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki, unalipa 30,000 mwezi wa kwanza, 25,000 wa pili, unashuka hivyo mpaka 5,000 wa mwisho, jumla 105,000. Kama inahesabiwa juu ya 600,000 siku zote, hata ukiwa umebakiza 100,000, unalipa 30,000 mara sita, jumla 180,000. Wote wawili wamekutajia "5 kwa mia". Tofauti ni faranga 75,000, karo ya mtoto. Halafu waulize wanachokata mlangoni. Wakikata 30,000 ya dosie na kufungia 120,000 kama akiba ya dhamana, unatoka na 450,000 huku ukilipia riba ya 600,000. Usimuulize karani riba ni ngapi. Muulize hivi: leo natoka hapa na faranga ngapi mkononi, na mpaka mwisho nitakuwa nimewarudishia ngapi zote pamoja? Aandike namba hizo mbili, apige muhuri. Karani mwaminifu ataandika kwa dakika mbili.

Kuna riba isiyojiita riba, na kwa Fizi nadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Mkulima wa karanga anaishiwa kabla ya mavuno, mnunuzi anampa faranga 40,000 kwa gunia ambalo bado liko ardhini. Miezi mitatu baadaye gunia linauzwa 80,000. Tuhesabu pamoja: amekopa 40,000, amelipa 80,000, riba 100 kwa mia kwa miezi mitatu, na hakuna aliyetamka neno riba. Misisi kwenye dhahabu ni vilevile. Mnunuzi anatoa mchele, mafuta ya mashine, pesa za chakula cha wachimbaji, na sharti ni moja: dhahabu ije kwake. Siku ya kulipa, mizani ni yake, bei ya siku anaitaja yeye. Mchimbaji anaweza kuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote na bado akaliwa, kwa sababu vipimo vyote viwili viko mikononi mwa anayemdai.

Kwa mtu wa namna hiyo siwezi kusema usikope, maana njaa haingoji. Nasema hivi: msikubali bei iwekwe siku ya kulipa na mdai peke yake. Kwenye karatasi andikeni kwamba bei itakuwa ile iliyo sokoni Baraka, au kwenye wanunuzi watatu wa Misisi, siku ya makabidhiano, kisha ipunguzwe kiasi mnachokubaliana, tuseme 10 kwa mia. Mnunuzi atapata faida yake na wewe utajua ni kiasi gani. Wachimbaji wakiwa kumi wenye sharti moja, mnunuzi atawasikiliza. Mmoja hatamsikiliza.

Deni la dola na faranga lina dawa hiyohiyo. Andikeni aina ya pesa iliyotolewa mkononi, na kwamba italipwa kwa aina hiyo. Kama mtalipana kwa nyingine, andikeni kiwango kitatoka wapi: kwa wabadilishaji wawili wa soko kuu, siku ya kulipa, wastani wao. Na iandikwe siku ya kukopa, wakati bado mnacheka. Kipato chako ni cha faranga? Kopa faranga. Mwanzoni mwa 2022 dola 200 zilikuwa kama faranga 400,000, miaka miwili baadaye zilikuwa kama 550,000. Waliokopa dola na kuuza mihogo kwa faranga waliongezewa deni hata kabla riba haijaguswa.

Sasa tuingie kwenye kese zetu wenyewe, na hapa naomba msinikasirikie. Tunailaumu Kinshasa kwa kutotoa hesabu, lakini kuna MUSO ambazo mwaka unapita bila wanachama kusomewa daftari. Kese ya kijani ya kukopeshana na kese nyekundu ya kusaidiana zimechanganywa, prezida amejikopesha mara mbili, na anayeuliza anaambiwa hana imani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kundi hata moja lililovunjika ambalo daftari lake lilikuwa linasomwa kwa sauti. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasio wa familia moja, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo. Pesa zihesabiwe mbele ya wote kufungua na kufunga, kila mmoja akariri jumla kichwani, wasiojua kusoma pia. Mkopo wa kiongozi utangazwe kwanza, kabla ya wa mwanachama. Na riba ya kundi ipigiwe kura kila mwanzo wa mzunguko, isiwe urithi. Anayeuliza hesabu alindwe na kundi zima, kwa sababu tumeona huko Kinshasa inavyokuwa aliyesema anapoachwa peke yake.

Kuhusu pesa za simu nitasema kwa ufupi: ada ya kutoa pesa inakatwa na kampuni yenyewe, na ujumbe unaonyesha kiasi. Faranga nyingine ambazo wakala anaomba mkononi si ada ya kampuni, muulize ni za nini. Usifute ujumbe. Ujumbe huo unaonyesha tarehe, saa na namba ya muamala, na siku ya ugomvi ndio shahidi pekee asiyeogopa mtu. Ushahidi wa akiba ya banki nao utunzwe vilevile. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, banki zilifunga milango. Mwenye akiba akawa hana namna ya kuigusa. Ukiwa na akaunti popote, toa taarifa yake kwenye karatasi kila baada ya miezi mitatu, uiweke pamoja na karatasi za shamba na vyeti vya watoto, kwenye ule mfuko unaoubeba siku ya kukimbia.

Kuna wanaoniuliza: kwani hasira ya watu imewahi kubadili nini Kongo? Imewahi. Septemba 2020 ilianza tozo ya RAM, iliyokatwa kwenye salio la simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, 7 kwa simu za kisasa. Vijana wa vuguvugu la LUCHA waliandamana, wabunge wakamhoji waziri, watu wakaonyesha salio lao lilivyokatwa. Mwanzoni mwa 2022 tozo hiyo ikaondolewa. Hasira hiyo ilishinda kwa sababu kila mtu alikuwa na ushahidi wake mfukoni, kwenye simu yake.

Ukidhulumiwa, anza kwa barua kwa taasisi yenyewe. Nakala mbili, moja wakusainie kwamba wameipokea. Taasisi ya mikopo midogo lazima iwe na kibali cha Banki Kuu, kwa hiyo omba kukiona kabla hujaweka faranga ya kwanza, na nakala ya malalamiko yako ipelekwe huko Banki Kuu. Kwa Lambert na wenzake, wachache wanajua kwamba kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kifungu cha 131 bis, kinampa jaji uwezo wa kumpunguzia mkopaji deni mpaka kwenye mtaji na riba ya kawaida, kama mkopeshaji alitumia shida au ujinga wake kumtoza kupita kiasi. Jaji haanzi mwenyewe, lazima umwombe. Nendeni na wakili au na watetezi wa haki za binadamu, na mwende wengi mnaodaiwa na mtu yuleyule.

Mtunza kese aliyekula pesa za kundi ni jambo tofauti, hilo ni kosa la jinai, kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha sheria ya adhabu. Lakini deni la kawaida si jinai. Kongo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1976, na kifungu chake cha 11 kinasema hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, akikuweka ndani kwa deni la Lambert, atataka kuliita kuvunja uaminifu. Ndiyo sababu karatasi yako iandikwe wazi neno "mkopo", isiandikwe "amana".

Na wewe unayedai, usimtume askari wala kijana wa kundi lenye silaha kwenda kukudaia. Dawa ya deni kulipa, ni kweli, lakini bunduki ikishaingia kwenye deni, nayo huanza kudai sehemu yake, na haiishi hapo. Tumezika watu kwa mambo madogo kuliko dola 100.

Baraka hii imewahi kuona mkubwa akijibu. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja ikakaa hapa mjini, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa yale waliyotendewa wanawake wa Fizi usiku wa mwaka mpya. Sifananishi ubakaji na riba, Mungu anisamehe nikifanya hivyo. Nawakumbusha tu kwamba wanawake wale walisema, maneno yao yakaandikwa, na yaliyoandikwa yakamfikia aliyekuwa na nguvu kuliko wao.

Leo jioni itafute karatasi ya deni lako, unalodai au unalodaiwa. Kama haina tarehe, aina ya pesa, riba kwa mwezi, na mahali kiwango kitakapotoka, kesho asubuhi nenda kwa mwenzako na shahidi mmoja, muiandike upya. Kama huna karatasi kabisa, nenda leo.